Siku tano kwa baiskeli kwenye vilima vya Toscana: barabara ambazo magari yamezisusa

Mwendapole

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna mdau aliniuliza kama huku Ulaya ya kusini kuna sehemu mtu anaweza kuendesha baiskeli kutwa nzima bila lori kumpumulia mgongoni. Nikamjibu zipo, nikaahidi kuleta uzi. Ahadi ni deni.

Naishi Bologna, Italia, napanga mizigo ghalani, zamu ya usiku. Mwezi wa tano nilipata likizo ya siku sita nikaondoka na baiskeli yangu ya chuma ya mtumba, mifuko miwili kwenye keria, kwenda mkoa wa Toscana, kusini mwa mji wa Siena. Sikwenda Chianti, vile vilima vya mvinyo kati ya Firenze na Siena. Chianti kuzuri, sikatai, lakini barabara yake kuu, Chiantigiana, ile inayotoka Firenze kupitia Greve na Castellina mpaka Siena, wikiendi inajaa pikipiki kama nzi kwenye embe bivu.

Kabla ya safari yenyewe niseme ninavyochagua njia, maana ndilo swali ninaloulizwa sana. Sitafuti barabara nzuri. Natafuta barabara ambayo hakuna mtu mwenye shida nayo. Ukiangalia ramani ya Italia ya kati, miji ya zamani imekaa juu ya vilima, na barabara za zamani zinafuata migongo ya vilima hivyo kutoka mji hadi mji. Magari ya leo yamepewa mabonde: kuna barabara ya njia nne ya Firenze na Siena, kuna barabara ya kasi ya A1 ya kwenda Roma. Mwenye haraka anapita chini. Huko juu amebaki mkulima na trekta lake, gari la posta, na sisi. Kimya unakilipia kwa mapaja.

Halafu watu wenyewe waliondoka. Mpaka miaka ya 1950 vilima hivi vilijaa familia zilizolima mashamba ya mabwana na kugawana mavuno nusu kwa nusu, mfumo unaoitwa mezzadria. Baada ya vita vijana wakakimbilia viwandani, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Nyumba zikabaki tupu, na barabara za kwenda kwenye nyumba hizo zikabaki za changarawe nyeupe. Wenyewe wanaziita strade bianche. Nani atie lami barabara ya kwenda kwenye nyumba isiyo na mtu?

Baadaye zilipoanza kutiwa lami moja moja, bwana mmoja wa huko, Giancarlo Brocci, akaanzisha L'Eroica pale Gaiole mwaka 1997, tamasha la kuendesha baiskeli za zamani, ili watu waone thamani ya zile changarawe. Mwaka wa kwanza walifika watu 92. Sasa ni maelfu, na njia yake ya kilomita 209 ina vibao vya kudumu, unaipita siku yoyote unayotaka. Mimi nilichukua vipande vyake, sikuimaliza yote. Sina miguu hiyo.

Nachemsha chai, narudi.

Kiroboto wa Mbezi

Nimetandika mkeka hapa. Ila mkuu, uzi bila picha ni pilau bila kachumbari.

Mwendapole

Simu ilianguka siku ya tatu, kioo kikapasuka. Utajua kwa nini ukifika kwenye mbwa.

SIKU YA 1. Treni. Italia baiskeli nzima inaingia kwenye treni za mkoa zenye alama ya baiskeli, tiketi yake euro 3.50 kwa siku. Zile za kasi hawakupokei mpaka uifungue na kuitia kwenye mfuko, kwa hiyo sahau. Nikabadilisha badilisha mpaka Siena, nikafika saa tisa alasiri. Stesheni iko chini, mji uko juu, na kuna ngazi za umeme ndefu za kupandisha watu. Mwenye baiskeli azunguke kwa barabara. Nikaona huo ni mtihani wa kwanza, nikauacha mji nyuma.

Nilitoka kwa barabara inayoitwa Lauretana, Siena hadi Asciano, kilomita kama 25. Wakuu, mkifanya barabara moja tu maishani Toscana, fanyeni hii. Ni lami, nyembamba, inapita mgongoni mwa vilima vya Crete Senesi. Kule ardhi ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mamilioni ya miaka iliyopita palikuwa sakafu ya bahari, na vilima vyake havina miti, vimeviringika kama mikate ya kumimina iliyopangwa kwenye sinia. Mwezi wa tano ngano bado ni kijani, upepo ukipita unaona kilima kizima kinatembea. Kwa saa mbili nilihesabu magari 14 na trekta moja. Trekta lilinipisha.

Nikalala Asciano, chumba juu ya bekari. Usiku wa manane harufu ya mkate ikaniamsha. Asubuhi nikanunua, nikauma, nikadhani mwokaji kasahau chumvi. Kumbe mkate wa Toscana ndivyo ulivyo, hautiwi chumvi kabisa. Ule na jibini ya kondoo ndiyo utauelewa.

Shangazi Kanga

Mikate ya kumimina 😂 umenikumbusha Ramadhani. Endelea mwanangu.

Mwendapole

Asante shangazi.

SIKU YA 2. Asciano, Chiusure, halafu monasteri ya Monte Oliveto Maggiore iliyojificha ndani ya msitu wa misaipresi. Watawa wapo mpaka leo. Mpando wa Chiusure si mrefu, ila una sehemu ambazo gari likija nyuma yako utaona aibu kwa unavyoyumba. Halikuja hata moja. Kisha mteremko mpaka Buonconvento, mji mdogo wa matofali mekundu ndani ya ukuta, uko chini kabisa bondeni. Na hapo ndipo penye makosa ya wageni wengi: wanaunga Cassia, barabara kuu ya kwenda Roma, kwa sababu kwenye ramani inaonekana tambarare. Ina malori. Ivuke tu, usiifuate.

Buonconvento hadi Montalcino ni kilomita 14 hivi, unatoka mita 150 unafika mita 560 na ushei. Hii ina magari kiasi, maana watu wanapanda kununua mvinyo wa Brunello. Mimi mvinyo situmii. Nilipanda ili niteremke upande wa pili.

Juu pale nikaingia baa. Huku baa ni mahali pa kahawa kwanza, na ukinywa umesimama kaunta bei ni ndogo kuliko ukikaa mezani. Nimesimama, jasho linachuruzika, mzee mmoja ananiangalia. Ananiangalia tena. Halafu anauliza, "Eritreo?" Nikamwambia hapana, Tanzania. Akaonekana kusikitika kidogo. Halafu akanyoosha kidole kwenye baiskeli yangu pale nje, akapaza sauti baa nzima ikasikia: "Girmay!"

Kahawa akalipa yeye.

Fundi Spoku

Hahaha. Biniam Girmay huyo, kijana wa Asmara. Mei 2022 alishinda hatua, yaani mbio ya siku moja, ya Giro d'Italia, ile mbio kubwa ya Italia, kule Jesi, akamwacha Mholanzi Mathieu van der Poel kwenye mita za mwisho. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye mojawapo ya zile mbio tatu kubwa. Halafu pale jukwaani kizibo cha chupa kikamruka jichoni, siku ya pili hakuanza. Mwaka 2024 akarudi kwenye Tour de France, hatua tatu na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Huyo mzee anajua baiskeli.

Mwendapole

Kabisa. Na Waeritrea baiskeli waliipata kwa Waitaliano hao hao, wakati wa ukoloni. Mzee alitaka tuongee hilo pia, nikamwambia Kiitaliano changu ni cha ghalani, kinaishia kwenye maboksi.

Mlima Usambara

Mkuu sijakataa, lakini vilima, ukungu, kona kona, Lushoto si vipo? Nauli ya ndege yote hiyo ya nini?

Mwendapole

Mimi sikupanda ndege kaka, naishi huku. Na umemuuliza mtu aliyezaliwa Soni. Nimejifunzia kwenye Phoenix ya babu, mguu umepitishwa chini ya bomba kwa sababu kwenye siti sifiki. Lushoto kuzuri kuliko Toscana, hilo nitalisema mahakamani. Lakini barabara ya Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ndiyo mlango wa kila gari: basi, Fuso la kabichi, bodaboda, wote wana shida nayo. Ndiyo ile hesabu niliyoanza nayo. Ukitaka kimya Usambara unaenda za vumbi ndani ndani, na huo ni uzi wako wewe, ulete.

SIKU YA 3. Mvua. Niliambiwa nikapuuza: barabara nyeupe ikinyesha, hasa ile ya udongo wa mfinyanzi, usiingie. Nilikuwa nateremka kutoka Montalcino kwenda abasia ya Sant'Antimo, lami safi, raha tupu, mashamba ya mizeituni kushoto na kulia. Jengo lenyewe limekaa bondeni peke yake, la mawe ya rangi ya asali, unaliona kutoka mbali kabla hujalifikia. Baada ya hapo nikaona njia ya mkato ya changarawe nikaingia. Mita 300. Tope likajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikaibeba baiskeli begani kama mbuzi, nikawa natoa tope kwa kijiti.

Hapo ndipo mbwa walipotokea. Watatu, weupe, wakubwa kama ndama. Ni mbwa wa Maremma, wanakaa na kondoo mchana na usiku. (Wachungaji wengi upande huu wana asili ya Sardinia. Wale wakulima wa nusu kwa nusu walipohama, Wasardinia wakaja na kondoo wao kuchukua mashamba. Jibini ya pecorino unayokula Pienza ina historia hiyo.) Mbwa hawa hawakimbizi watu kwa mchezo, wanalinda. Usikimbie, na usijaribu kuwashinda kwa pedali mlimani. Shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea taratibu kuwapita kondoo kwa mbali, usiwakate katikati. Nilifanya yote hayo. Ila mikono ilikuwa inatetemeka na simu ikaenda.

Nikarudi kwenye lami kwa unyenyekevu, nikapitia Monte Amiata Scalo na Castiglione d'Orcia mpaka Bagno Vignoni. Kijiji hiki uwanja wake wa katikati si uwanja, ni bwawa la maji ya moto linalofuka moshi. Kuoga humo marufuku, ila maji yanamwagika kando ya kilima kwenye vinu vya zamani, na pale unaweka miguu bure. Nilikaa mpaka vidole vikakunjamana.

Mama Wawili

Samahani kaka Mwendapole, naomba nikukatishe. Mwanamke peke yake anaweza? Na maji ya kunywa je, kila saa ununue chupa?

Mwendapole

Maji hununui. Kila mji una bomba la uwanjani. Ukiona maandishi "non potabile" usinywe. Ukikosa kabisa, nenda makaburini: makaburi mengi yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanajua. Mara ya kwanza nilisoma dua kabla ya kuchota. Lakini chakula nunua mapema, maduka ya vijijini yanafunga kama saa saba mchana mpaka karibu saa kumi, na njaa haisubiri.

La mwanamke namwachia anayejua.

DadaGia

Naweza kujibu mimi. Nipo Palma, kisiwa cha Mallorca, Hispania, kazi ya hoteli, naendesha peke yangu mwaka wa tatu sasa. Mama Wawili, kinachonisumbua mimi si watu, ni kuharibikiwa mbali, kwa hiyo jifunze kuziba pancha kwa mikono yako kabla hujaenda popote. Mengine ni yale ya kila mahali: mtu mmoja nyumbani ajue njia yako, na usifikie mahali pa kulala usiku.

Na kwa wanaotaka Mallorca: wote wanakuja kwa ajili ya barabara ya Sa Calobra, karibu kilomita 10, kona 26, mahali fulani barabara inajizungusha na kupita chini yake yenyewe kama fundo la tai. Nzuri sana, lakini inashuka baharini na hakuna njia nyingine ya kurudia, na mabasi ya watalii yanapita hapo hapo. Ikifika saa tatu asubuhi bado hujaanza kupanda kurudi, umeumia. Mimi siku zangu za mapumziko naenda katikati ya kisiwa, Algaida, Petra, Sineu. Vilima vidogo, vinjia kati ya kuta za mawe na milozi, na Jumatano kuna soko Sineu. Hakuna anayepiga picha huko, ndiyo raha yake.

Mama Wawili

Asante sana mdogo wangu. Nimeanza na kuziba pancha.

Mwendapole

SIKU YA 4 ndiyo siku yenyewe. Radicofani ni ngome juu ya jabali, unaiona tangu juzi yake, kila kona ipo, kama inakuchungulia. Cassia ya zamani ilipanda mpaka huko juu, karibu mita 800. Cassia mpya inapita bondeni na kuingia kwenye handaki. Mmeelewa maana yake? Barabara kuu ya kwenda Roma ya karne nyingi, ya mahujaji na wafalme, imeachiwa baiskeli. Mpando wake ni wa heshima, umepimwa kwa ajili ya farasi wa kukokota, kwa hiyo hauna mahali pa kukunyonga. Nilikutana na mahujaji wawili wa Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji wa Roma, kwa miguu, mchungaji mmoja, na pikipiki moja iliyopotea njia.

Ngome hiyo karne ya 13 ilishikwa na jambazi Ghino di Tacco, akawa anawavizia wasafiri wa Roma na kuwapunguzia mizigo.

Kiroboto wa Mbezi

Kumbe kusimamishwa barabarani na kupunguziwa kulianza zamani 😂

Mwendapole

Sijasema kitu mimi.

Kutoka Radicofani nikashuka Contignano, nikapanda upande wa La Foce, ndipo ile barabara nyeupe ya misaipresi inayopinda kilimani, iliyoko kwenye kalenda zote za Italia. Nikaendelea Monticchiello mpaka Pienza. Bonde hili lote, Val d'Orcia, liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004, lakini watalii wamejazana kwenye kipande kimoja, San Quirico hadi Pienza, kwa sababu ndipo mabasi yanapoegesha. Kilomita kumi kusini hakuna mtu.

SIKU YA 5. Pienza, changarawe mpaka Lucignano d'Asso, nyumba chache na kiduka kimoja cha chakula ambako waendesha baiskeli wote wanaishia kwenye kivuli. Halafu San Giovanni d'Asso, Asciano tena, na mwisho Monte Sante Marie: kilomita 11.5 za changarawe, kupanda na kushuka kama ngazi. Ndipo Tadej Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, alipowaacha wenzake kwenye mbio za Strade Bianche mwaka 2024, akaenda peke yake kilomita 81 mpaka Siena. Mimi pia nilikuwa peke yangu. Nilisukuma kwa mguu mara mbili.

Na hapo nikapata pancha ya pili ya safari. Duka moja Bologna, silitaji, lilinihakikishia tairi za milimita 28 zinatosha changarawe. Hazitoshi. Weka 35 au zaidi, na upepo usijaze mpaka ikalia. Gia: sahani ndogo ya mbele meno 34, kubwa ya nyuma meno 34. Ukiona ni nyingi, fikiria una mifuko, na jana yake ulikula pici, tambi nene za huku, sahani mbili. Ukitoka mjini baada ya giza, sheria ya Italia inataka taa na kizibao cha kuakisi mwanga, mle kwenye mahandaki pia.

Gharama yote, treni, kulala, kula: euro 340.

Kijana wa Tegeta

Mkuu viza?

Mwendapole

Schengen ya muda mfupi, siku 90 ndani ya siku 180, ada ya mtu mzima euro 90 tangu Juni 2024. Mengine kuna uzi wake, humu tuendeshe.

Nahodha wa Likoni

Ndugu yangu Mwendapole, hongera, umeeleza ukaeleweka. Mimi ni wa Likoni, niko Marseille mwaka wa sita. Hesabu yako ya barabara isiyo na mwenye shida nayo, huku Provence, kusini mwa Ufaransa, inafanya kazi vilevile. Kutoka Villes-sur-Auzon kwenda Sault kuna njia mbili. Wenye magari wanapita juu, Col des Abeilles, ni mkato. Ile ya zamani inazunguka ukingoni mwa korongo la Nesque, imechongwa kwenye mwamba, ina vijihandaki vifupi, inapanda polepole hata mtoto hachoki. Upande mmoja mwamba, upande wa pili ndege wanaruka chini yako. Nimeipita Jumanne ya mwezi wa tisa, magari sikufikisha kumi.

Ukifika Sault, una njia ya kupanda mlima Mont Ventoux iliyo pole kuliko zote, kilomita 26. Wenye kujitafutia sifa wanaanzia Bédoin, kilomita 21 na karibu mita 1,600 za kupanda. Zote mbili zinakutana Chalet Reynard, na zile kilomita sita za mwisho hazina mti, mawe meupe matupu. Hapo chini kidogo ya kilele ndipo alipofia Tom Simpson, mwendesha baiskeli Mwingereza, akiwa kwenye Tour de France, mwaka 1967, kuna mnara wake, watu wanaacha chupa za maji.

Lavenda ukitaka kuiona, nenda mwisho wa mwezi wa sita na wa saba. Lakini mimi napenda mwezi wa tisa, wageni wameondoka.

Mwendapole

Nahodha, umenimaliza. Mwezi wa tisa nina siku nne. Nikija na treni mpaka Marseille, unanipokea?

Nahodha wa Likoni

Karibu, biriani juu yangu. Tutapanda kwa Sault, tusijitie ujana.

Fundi Spoku

Na mimi niwekeni kwenye hesabu, natokea Torino. Huko juu kuna baridi?

Nahodha wa Likoni

Baridi si neno. Kuna upepo unaitwa mistral, ukiamka vibaya unaishika baiskeli kwa mikono miwili umesimama na bado inakwenda. Njoo na jaketi. Na hiyo keria iache nyumbani.